Mwaka Niliofua Picha

Wifi yangu Hadija kaingia kwangu Chamazi Jumanne iliyopita, na kabla hajakaa, kabla hata ya maji ya kunywa, akaanza ukaguzi. Anafungua mlango mmoja mmoja, anachungulia, anauliza, "Na hiki nacho chako?" Nikamwambia vyote vyangu, mpaka choo cha wapangaji kile kule nyuma. Akasema, "Mh! Wifi, umekuwa wilaya." Ndivyo tunavyosalimiana sie. Amekuja kwenye harusi ya mjukuu wangu, katoka Tunduru kwa basi, siku moja tu siku hizi, na hii ni mara yake ya pili kukanyaga Dar es Salaam tangu azaliwe. Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na tisa. Hapo katikati tumeonana hukohuko Tunduru kwenye misiba, lakini kila nikimwambia njoo Dar utembee, ana sababu: mara korosho zinadondoka, mara mguu, mara mbuzi anazaa. Nikaacha kumwita. Mie si mtu wa kubembeleza.

Kesho yake asubuhi tumekaa sebuleni na chai na mihogo ya kuchemsha, akafungua begi lake, akatoa kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Akafungua taratibu kama anayemvua mtoto nguo. Ilikuwa picha, ya nyeusi na nyeupe, kubwa kama daftari, ndani ya fremu ya mninga ambayo wadudu wameanza kuila pembeni. Ndani yake wapo watu watatu. Katikati mama mkwe wangu, Bi Asumini, kapandisha pindo la kanga mpaka karibu na magoti na kucheka kwa mdomo wazi. Kushoto Hadija mwenyewe, uso kama kanyweshwa kwinini. Kulia mimi, kidevu juu, utadhani bahari yote ile ya nyuma nimeinunua. Maana nyuma yetu kuna bahari, minazi mitatu, meli, na ndege angani. Mjukuu wangu Zuhura akainama kutazama. "Bibi, hapa ni wapi?" Hadija akasema, "Baharini." Mimi nikasema, "Mbagala." Tukasema kwa pamoja, halafu tukatazamana, na Hadija ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Basi ndiyo nimekaa kuandika. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Zuhura atanyoosha herufi tu, asiguse maneno. Habari za kuzaliwa kwangu na ukoo wangu siziweki, hazimsaidii mtu. Ujue tu kwamba nimetoka Liwale, shule niliishia darasa la tatu, na kila kilichomo ndani ya ua huu nimekipata kwa picha. Watu wananiita Mama Picha tangu wakati hata mtoto sijapata. Wengi wanafikiri nilifundishwa na mume wangu. Hapana. Nilifundishwa na beseni, sabuni ya mche na ujinga wangu.

Mwaka ule nilikuwa mke wa miezi minane. Marehemu mume wangu, Rashidi, alikuwa kibarua kiwandani, tumepanga vyumba viwili Mbagala, enzi hizo Mbagala mikorosho mingi kuliko watu. Nyumba ya udongo, sakafu ya saruji iliyopasuka kama njia ya sisimizi, jiko uani chini ya makuti. Kati ya chumba cha mbele na cha nyuma hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la shuka yenye maua. Leo vyumba vyangu vina milango ya mbao ngumu, ukifunga husikii kitu, na nasema kweli, kuna siku nalikumbuka pazia lile. Mambo yote ya maana mwaka ule niliyasikia kupitia kwenye maua yake.

Walikuja kiangazi, baada ya mavuno, mama mkwe na Hadija, na jogoo mmoja na mchele wa Tunduru ambao ukiuchemsha mtaa mzima unajua. Siku nne za safari. Mama mkwe alikuwa hajanitia machoni, maana ndoa ilifungwa kwetu Liwale na wao hawakuweza kufika. Alinitazama toka kichwani mpaka vidole vya miguu, akasema, "Marahaba mkamwana. Kwenu wanakula?" Nikasema wanakula. Akasema, "Basi wewe zamu yako ilikuwa inakupita." Hadija akacheka mpaka akashika mlango. Nikajua nina wifi.

Baba mkwe, Mzee Saidi, hakuja. Alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika nyonga, mwisho wa safari zake ulikuwa msikitini, tena kwa magongo. Lakini yeye ndiye aliyewatuma. Usiku huohuo wa kwanza, tunakula wali na yule jogoo, mama mkwe akatoa ujumbe kama unavyotolewa barazani. "Baba yenu kanambia hivi: nendeni mkatembee, mkaone mji, mimi mniletee bahari." Rashidi akacheka. Mama yake hakucheka. "Nimekwambia alivyosema. Tangu kijana anaitaja. Wenzake walikwenda Lindi kubeba mizigo, wakarudi na habari zake, yeye kila mwaka anasema mwakani. Sasa mwakani hakuna tena." Rashidi akaacha kutafuna. Akasema, "Ataiona, mama. Kuna mwenzangu kazini ana kamera."

Siku ya matembezi ilikuwa Jumapili. Nilipika kabla ya adhana ya alfajiri, wali wa nazi na maharage, nikafunga sufuria kwa kanga fundo mbili, na Rashidi kavaa shati jeupe, kamera shingoni, anatembea kama imemlemea wakati haizidi uzito wa embe. Ilikuwa na filamu ya picha ishirini na nne, na kuipata filamu siku zile ilikuwa bahati, kama kupata dawa. Nitasema ukweli ambao wakati ule sikuusema: mji wenyewe mie nilikuwa siujui. Miezi minane nimeishia sokoni na bombani. Lakini mbele ya wifi nikajifanya mwenyeji. Hadija akiuliza, "Lile jengo nini?" najibu palepale, "Ofisi." Na lile? "Ofisi hiyohiyo, tawi." Rashidi ananisikia, anatazama pembeni.

Rashidi alitupeleka kwenye ghorofa moja refu mjini ambalo mlinzi wake ni mtu wa kwao, tupande lifti. Mlango ukafunguka, mama mkwe akachungulia. "Niingie wapi? Chumba gani hiki hakina hata kiti?" Akaingia hivyohivyo kwa bismillahi. Mlango ukajifunga, tukanyanyuliwa, na katika kile kitendo cha tumbo kubaki chini, alishika mkono, na mkono alioushika ni wangu, si wa mwanawe. Aliubana mpaka pete ikaniingia kwenye nyama. Mlango ulipofunguka juu alitazama ukumbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Wale watu waliokuwa hapa nje wamekwenda wapi?" Hadija akasema, "Mama, tumepanda." "Tumepanda na miguu ya nani?" Mpaka leo nikiingia kwenye lifti naisikia sauti yake, nacheka peke yangu, watu wanasogea.

Tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni na kurudi palepale bila kushuka, kwa sababu alitaka kujua tu kama inarudi. Ferry tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, akaonyeshwa pweza, akamhesabu mikono yote, akasema huyu angezaliwa kwetu angelima eneo kubwa. Mwishowe Rashidi akatupeleka ufukweni, upande wa mjini. Mama mkwe alisimama pale muda mrefu, Rashidi anamwambia mama geuka huku, hasikii. Halafu akauliza, "Ng'ambo kule ni kwa nani?" Rashidi akamjibu kwamba ng'ambo haionekani. Akasema, "Basi tena, haya ndiyo maji," kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi na akaridhika. Ndipo wimbi likaja. Akapandisha kanga, akapiga ukelele, akacheka kicheko ambacho sikujua kama mtu mzima anacho, na Rashidi akabonyeza. Alikuwa na chupa anataka kuchota maji, ampelekee mzee. Rashidi akamwambia, "Mama, hayo yakifika Tunduru ni maji ya chumvi tu. Baba anataka kuona. Imo humu," akapiga kamera kofi dogo. Mama mkwe akaimwaga chupa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Jumatatu asubuhi Rashidi anawahi kazini. Alikuwa ameshairudisha filamu kwenye kikopo chake na kukitoa, kamera anakwenda nayo kwa mwenyewe. Kikopo kakiacha juu ya meza. Mguu mmoja nje, akaniambia, "Salima, picha ziko hapo mezani. Zikasafishwe leoleo, mama anaondoka Alhamisi." Akaenda zake. Zikasafishwe. Nyie mnaosoma mnajua kusafisha picha maana yake nini, ni kupeleka studio, fundi azitoe kwenye filamu. Mimi nilijua kusafisha ni kusafisha. Sufuria, choo, mchele, mtoto. Niliwahi kupita mbele ya studio ya barabarani nikaona mlangoni tepe nyeusi zimening'inizwa kwenye kamba na vibanio, zinachuruzika maji. Kwa hiyo nilikuwa hata na ushahidi. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza, maana Hadija alikuwa kakaa uani anachambua mchele, na mie mwenyeji.

Nikaanza na kikopo, nikakisugua kwa nje kikang'aa. Nikaona mbona picha zenyewe ziko ndani. Nikauvuta ule utepe, ukaja wote, mrefu, unajikunja kama kitu kilicho hai, nikautia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni ya mche. Jua kali, peupe kabisa. Nasugua kwa vidole, kidogo kidogo, nisichane. Hadija anatazama. "Sugua vizuri, wifi," akasema, "usiache povu." Nikasugua. Nikasuuza mara mbili. Nikanyanyua juani, sioni mtu. Si mama mkwe, si lifti, si bahari, utepe mtupu. Nikasema kumbe uchafu umeganda, nikarudia tena kwa sabuni nyingi zaidi. Halafu nikauanika kati ya shuka na suruali ya Rashidi, nikabana vibanio, nikaenda kupika, moyo mweupe.

Saa kumi na moja jioni Rashidi karudi. Aliuona kabla hajanisalimia. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi bila kutazama meno yake yako upande gani. "Salima. Hii nini?" Nikamwambia, "Picha. Nimezisafisha kama ulivyosema, ila zina uchafu sugu, nadhani kesho nitatia maji ya moto." Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama, akaingia ndani, na mimi nikabaki uani na mwiko mkononi, na maneno yakaja kupitia kwenye pazia.

"Mama, nimeoa mtu wa porini."

"Na wewe ulizaliwa Posta?"

"Filamu haifuliwi, mama! Ikiona mwanga tu, imekwisha. Kaifua, kaianika!"

"Asubuhi ulimwambiaje? Mie nilikuwepo, nimelala lakini masikio hayalali."

"Nilimwambia zisafishwe."

"Haya. Ulitaka afanyeje, azifagie? Mie mwenyewe ningefua. Tena kwa majivu."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Halafu sauti ya mama mkwe ikarudi, lakini si ileile, ilikuwa imeshuka. "Ila sasa mzee nitamwambia nini? Hata chupa nimemwaga." Hilo ndilo lililonichoma. Si kuitwa wa porini, porini nimetoka kweli. Ni mzee wa watu amekaa barazani Tunduru na magongo yake, anasubiri bahari, na mimi nimeimwaga kwenye mfereji pamoja na povu. Nikageuka, nikamwona Hadija kachutama mbele ya jiko, anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Hakunitazama. Nikasema moyoni, anajizuia asinicheke.

Filamu nyingine haikupatikana, Rashidi aliuliza kila mahali, na kamera ilikwisha rudi kwa mwenyewe. Jumanne asubuhi nikauviringisha ule utepe kwenye pindo la kanga, nikaenda studio peke yangu, sikumuaga mtu. Kilikuwa chumba kimoja cha bati kando ya barabara ya Kilwa, na fundi wake mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Fundi Hemedi. Nikamwekea utepe mezani, nikamweleza yote, sikupunguza. Akausogeza puani, akanusa.

"Sabuni gani hii?"

"Ya mche."

"Ungetia na bluu kidogo," akasema, "zingetakata."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nimesimama palepale, kidevu juu. Nikamwambia, "Ukimaliza kucheka nionyeshe zinavyosafishwa, nisije nikafua tena." Akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka taa, sasa nalijua tazamo lile, nami ninalo. Akasema, "Ingia."

Chumba cha giza kilikuwa hakizidi kabati. Taa nyekundu, harufu kama ya siki, beseni tatu zimepangwa. Nikasema beseni si hizo hapo! Akachukua karatasi nyeupe, akaifanyia mambo yake chini ya mashine, akaizamisha kwenye beseni la kwanza, akaanza kulitikisa polepole, kama anayepepeta. Karatasi ni nyeupe, haina kitu. Halafu pakatokea jicho. Halafu la pili. Halafu bwana mmoja mzima na tai yake ananitazama kutoka majini. Nikashika ukuta. Fundi Hemedi akasema, "Umeona? Hukukosea kitu. Ulikosea maji na mwanga tu." Nimesikia hotuba nyingi katika maisha yangu, za viongozi na za mashehe, sijapata kusikia maneno mengine yaliyoniweka sawa kama yale.

Nikamweleza habari ya mzee na bahari. Akanyanyuka, akavuta kamba, likashuka pazia ukutani. Bahari. Aliichora mwenyewe juu ya vitambaa viwili vya marekani vilivyoshonwa pamoja, kwa rangi za nyumba zilizobaki kwa mafundi. Minazi mitatu, meli, ndege moja nene kama papa. Mshono ulipita katikati ya maji toka upande huu mpaka ule, na rangi chini ya mshono ilikuwa imemwishia, akaendelea juu kwa nyingine nzito zaidi. "Kawalete," akasema.

Alasiri nikawaleta. Nilimwambia mama mkwe njiani, waziwazi, tunakwenda kupigwa picha mbele ya bahari ya kuchora, na kama hataki turudi. Alipofika alisimama mbele ya lile pazia kama alivyosimama ufukweni, akalikagua. "Hii ndiyo ile?" Fundi Hemedi akasema, "Ndiyo hiyohiyo, mama, ila hii haina harufu ya samaki." Akavua ndala. Rashidi hakuwepo, tulikuwa wanawake watatu tu. Fundi akainama nyuma ya kamera, akasema tulieni, na hapo mama mkwe, juu ya saruji kavu, akapandisha pindo la kanga, akapiga ukelele uleule na kucheka kicheko kilekile, wimbi limekuja. Sikumwambia afanye vile. Alimfanyia mumewe, ayaone maji yakija. Fundi alikaribia kusahau kubonyeza.

Picha ikawa tayari Jumatano, niliiona mwenyewe ikitoka kwenye beseni, kanga kwanza, meno baadaye. Alhamisi wakaondoka nayo. Mama mkwe aliniaga kwa kunishika mkono palepale alipoushika kwenye lifti. Wiki iliyofuata nikarudi kwa Fundi Hemedi nikamwambia nataka kazi ya kupiga pasi mapazia. Rashidi akanuna mwezi mzima, halafu akazoea, halafu akaanza kujisifu. Nilianza na pasi, nikaenda kwenye beseni, nikaenda kwenye kamera, na macho ya Fundi yalipokufa studio akaniachia mimi. Nusu ya Mbagala nimewapiga za paspoti, na watoto wao, na harusi zao. Simu zilipokuja wenzangu walilia. Mimi sikulia, nikanunua mashine ya kuchapa na kuanza kutengeneza fremu, maana mtu ana picha elfu kwenye simu na ukutani kwake kuna kalenda. Hiyo ndiyo elimu yangu.

Kuhusu mzee, habari nilizipata kidogo kidogo, misibani. Aliitundika barazani, siyo ndani, apitaye aione. Siku ya kwanza aliitazama mpaka chai ikapoa, akauliza, "Mbona miguu yenu haijalowa?" Mama mkwe akamjibu, "Tulikimbia." Akaona ule mshono katikati ya maji, akauliza, "Na mstari huu?" Mama mkwe, ambaye aliona mshono vizuri kabisa kwa macho yake, akasema, "Bahari ina mstari. Huku maji ya watu, kule maji ya Mungu." Basi ikawa ndiyo hadithi yake mzee kwa miaka kumi na mmoja aliyoishi baada ya hapo. Kila mgeni anaonyeshwa kwa gongo: huku ya watu, kule ya Mungu. Mimi nilikuwa nikisikia hayo nacheka, na kidogo naona haya, kwamba mtu mzima kafa na mshono wa marekani.

Jana wajukuu wakasema bibi wa Tunduru hawezi kurudi bila kuoga bahari. Wakakodi Noa, tukapitia Kongowe mpaka Kigamboni, saa tano asubuhi tuko ufukweni. Watoto wakatawanyika na simu zao, wanapiga mpaka soda kabla hawajainywa. Mimi na Hadija tukakaa kwenye mkeka chini ya mvinje. Sahani yake ya pilau alikuwa hajaigusa. Nikamuuliza, "Pilau imekukataa?" Akachora chora mchanga kwa kidole. "Wifi. Siku ile ya sabuni."

"Siku gani ya sabuni?"

"Usijifanye. Mimi nilikuwa najua." Akaacha kuchora. "Shuleni walitupiga picha za darasa la saba, mwalimu akatueleza, filamu ikiona mwanga imekufa. Ulipouvuta ule utepe nilijua. Nikakuacha. Nikakwambia sugua, usiache povu."

Nilimtazama. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, kilemba kimekaa upande, macho chini kama wa miaka kumi na sita. Nikamuuliza kwa nini. "Wivu," akasema. "Kaka alikupiga picha sita, mimi mbili. Na nilitaka aoe rafiki yangu. Nikasema acha aumbuke. Sikumfikiria baba. Nilikuja kumfikiria usiku, baada ya mama kusema vile. Maisha yake yote baba ametazama kitambaa kwa sababu yangu, wifi. Nikiona basi la Dar, nasikia povu."

Ningeweza kumkasirikia, na nilijaribu, sikuona mahali pa kuanzia. Nikamwambia, "Hadija, wewe ni mjinga. Ungefungua mdomo siku ile, Rashidi angepeleka filamu mwenyewe, mimi ningekaa uani kwangu napika, na leo ningekuwa nauza maandazi mlangoni kwa mtu. Nyumba ile uliyoikagua, chumba kimoja kimoja, ni povu lako."

"Wewe umepata nyumba," akasema. "Baba je?"

Nikageuka kutazama mbele. Na nilipotazama nikauona. Nimeishi katika mji huu zaidi ya miaka arobaini, nimekwenda baharini na maharusi sijui mara ngapi, kila mara jicho langu liko kwenye nguo ya bibi harusi isishike mchanga. Sikupata kuyatazama maji. Jua lilikuwa limepanda, maji yamekupwa kiasi, na toka huku ufukweni yalikwenda rangi ya majani machanga, mepesi, halafu mbali kidogo, kwenye mwamba, yakakatika. Yalikatika kabisa, toka mkono wa kushoto mpaka wa kulia, na ng'ambo ya hapo yakawa bluu nzito. Watoto walikuwa wanaogelea upande huu. Upande ule hapakuwa na mtu.

Nikamshika Hadija kidevu, nikamgeuza kichwa. "Ona."

"Mstari," akasema.

"Huku ya nani?"

Alilia kidogo, akajifuta kwa mtandio, akanyanyuka bila kushikwa mkono, akaanza kuteremka majini na baibui lake. Nikamfuata. Nina magoti mabovu lakini nikamfuata. Zuhura akatuona, akaja mbio na simu. "Bibi, hapohapo! Pozi basi, nawapiga!" Hadija alikuwa ameshapandisha pindo kwa mikono miwili, kama mama yake, mguu wa kulia mbele, na wimbi lilikuwa bado halijafika, lipo hatua tatu, linakuja.

Nikamnyooshea Zuhura mkono.

"Ngoja," nikamwambia. "Miguu ilowe kwanza."